Sauti ya Mwisho kwenye Kadi

Kabuchai,
24 Juni 2025

Jelimo,

Jambo hili sijamwambia mtu, na wewe nakuambia kwa sababu uko mbali na hutaniangalia usoni. Asubuhi moja mwezi uliopita nilikuwa nikimkanda kukhu, bibi yangu, mguu, nikahesabu nitakuwa na umri gani siku atakapokufa. Mama yake aliishi miaka tisini na sita. Yeye ana sabini na tisa. Nilijumlisha kichwani huku mikono ikiendelea na kazi, nikapata thelathini na tano. Nilipomaliza, kukhu alinishukuru, akaniita mke mwenzake, kama bibi wa huku kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Nikacheka naye. Mafuta yalikuwa bado mikononi mwangu.

Sikukueleza vizuri kwa nini niko hapa. Tulipoachana kwenye geti la shule Novemba nilikuambia nitakuja Kitale mwaka ukianza, tusome kompyuta pamoja. Januari hiyohiyo kukhu, mama yake mama, alipatwa na kiharusi kwake Malakisi, upande wa kushoto ukalala. Wajomba wako Mombasa na Nairobi. Mama akamleta kwetu Februari, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu kwetu mwanamke hakai nyumba moja na mume wa binti yake. Hawaonani, hawapeani mkono, hata njiani hupishana mbali. Mchungaji wetu alisema kanisani kwamba hayo ni mambo ya zamani. Baba akaitikia amina, kisha akaingia nyumbani kwa kupitia nyuma ya zizi ili asipite mbele ya mlango wa kukhu. Alimjengea chumba cha mabati pembeni, mlango unatazama miwa. Ni chumba kizuri, baba anamheshimu sana. Lakini baba hushinda nyumbani na hawezi kumpa hata kikombe cha maji, na mama anafundisha chekechea hadi saa kumi. Kwa hiyo kuna mimi.

Barua ya chuo cha uuguzi ilikuja tarehe kumi na mbili. Natakiwa kuripoti Jumatatu, tarehe 8 Septemba, na asiyefika siku hiyo nafasi yake anapewa mwingine. Karo si tatizo, miwa ilitoka vizuri. Baba aliisoma barua mara mbili, akanipongeza, akaiweka ndani ya Biblia yake. Hajaitaja tena, nami sijui kumuuliza. Unanijua. Darasani niliinua mkono mara moja kwa miaka minne, na ilikuwa ni kuomba ruhusa ya kwenda choo.

Asante kwa kadi ya kumbukumbu uliyonijazia podikasti. Naiweka kwenye redio ndogo ya kukhu na tunasikiliza pamoja nikifua. "Kiti cha Nyuma" nimeipenda kuliko zote. Ukimpata msikilizaji mgeni usimwanzishe sehemu ya kwanza, pale wanajitambulisha mno. Mwanzishe ya nne, wale dada wawili wakibishana nani alikula nyama ya wageni. "Kesi ya Leo" siipendi. Kila mtu akifungua mlango wanaweka muziki wa kutisha, hata akiwa anaingia jikoni. Yule mzee wa nyuki katika "Mzinga" ni wa kukhu. Akiuliza swali, kukhu anamjibu, halafu ananiambia ninyamaze tusikie atasema nini.

Sasa jambo la pili. Jumatano baba alikuwa kwenye miwa na kukhu amelala. Nilichukua simu ya kukhu, ile kabambe ya vitufe, nikaingiza kadi yako. Kumbe ina sehemu ya kurekodi. Nikasema kama wanavyosema wale, "Karibuni wasikilizaji," kisha nikasema yote, barua iliyo ndani ya Biblia na ile hesabu pia. Dakika kumi na moja. Sikujua ninazo dakika kumi na moja ndani yangu. Karibu na mwisho kukhu aliamka. Utamsikia akiuliza naongea na nani, halafu anatania kidogo, nikazima.

Ni ya mwisho kwenye kadi. Isikilize mara moja, uifute. Nilitaka mtu mmoja tu.

Gicheru wa mitumba anakwenda Kitale kesho kuchukua mzigo, nitampa bahasha, kadi imo ndani.

Rafiki yako,
Phanice


Matisi, Kitale
3 Julai 2025

Phanice bana,

Nilipofungua bahasha nilidhani utaniandikia ile "natumai u buheri wa afya" ya mwalimu wa insha. Badala yake umenimaliza asubuhi asubuhi.

Nimesikiliza. Mara moja. Sawa, mara tatu, na mara ya pili nilifunga mlango wa duka nusu, mteja akadhani kuna msiba. Shuleni hukuwahi kuongea hivyo. Sauti yako haina haraka, mtu anakaa tu anangoja utasema nini. Halafu kukhu wako anapoingilia! Ati "waambie miguu iliyokufa ni yangu, mke mwenzangu, yako bado." Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Nimeifuta, usijali.

Hapa ni kelele tu. Kaka yangu Kiptum ameongeza kompyuta ya pili, kwa sababu watu wa Matisi wanataka nyimbo na mahubiri na filamu kwenye kadi zao, wote siku moja. Ananiita meneja lakini funguo anazo yeye. Mimi nawapa podikasti bila kuwauliza. Mtu akija kuchukua nyimbo mia namwekea na mbili za watu wanaoongea, namwambia ajaribu, isipompendeza arudi anitukane. Hakuna aliyerudi kunitukana isipokuwa fundi mmoja wa baiskeli, na huyo nilimwekea "Kesi ya Leo". Kwa hiyo mko wawili.

Kadi nakurudishia. Ya kwako mpya ni "Zamu ya Pili". Ni wauguzi watatu wanaosimulia mambo ya wodi. Hawataji hospitali, na mmoja wao hucheka vibaya, umvumilie. Anza na sehemu ya saba, ile ya mgonjwa aliyekataa kuoga hadi aletewe sabuni ya kijijini kwao. Nilikuwaza wewe nikiisikiliza. Ungekuwa wewe, ungeitafuta hiyo sabuni.

Kuhusu baba yako, si umuulize tu? Nisamehe. Najua mambo ya "tu" ni yangu, si yako.

Jelimo


Kabuchai,
22 Julai 2025

Jelimo,

Ulisema umeifuta.

Jana nilienda kusaga mahindi. Kando ya mashine kuna kibanda cha kinyozi Mukhisa, na Mukhisa huweka spika nje ili watu wajue amefungua. Nilikuwa wa nne kwenye foleni, nimebeba debe kichwani. Nikasikia msichana akisema "Karibuni wasikilizaji" kwa sauti niliyodhani nimeisikia mahali. Nilijaribu kukumbuka ni nani. Jelimo, sikujijua. Mpaka alipotaja Biblia.

Wanaume wanne walikuwa wameketi kwenye benchi ya kinyozi. Mmoja akasema wasichana wa siku hizi hawana adabu, huyu anamhesabia bibi yake siku. Mwenzake akamjibu kwamba yeye mwenyewe alimhesabia babake kwa ajili ya shamba, tena kwa sauti, tena hospitalini. Wakacheka wote. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akageuka akaniuliza, mimi hasa, kama nimewahi kuisikia hiyo. Akaniambia niitafute, ni nzuri, ila nianze katikati kwa sababu mwanzoni msichana anaogopa. Nikamwambia asante.

Mukhisa alikuwa akiwaambia wale wanaume kwamba aliipata kwa Gicheru, na Gicheru aliwekewa kwenye duka moja Matisi. Sikungoja ifike pale kukhu anapoamka. Nilitoka kwenye foleni, nikarudi na mahindi mazima, nikamwambia mama umeme umepotea.

Hakuna anayejua ni mimi. Hiyo ndiyo faida ya kutoongea, hapa hakuna anayeijua sauti yangu. Lakini ya kukhu wanaijua. Kila anayepita njia ya mtoni husalimiwa naye kutoka kitandani, na huwezi kupita bila kuulizwa mama yako hajambo. Siku mmoja wao atakaponyamaza na kusikiliza hadi mwisho, itakuwa imekwisha. Baba ataambiwa na watu wa sokoni kile nilichoshindwa kumwambia nyumbani, na ile barua haitatoka kwenye Biblia tena.

Kukhu ananiuliza mbona siweki redio. Naweka. Anasema ninaisikiliza kama mtu anayesubiri kuitwa.

Kadi naibakisha kwa sababu ya mzee wa nyuki. Usinitumie nyingine.

Phanice


Matisi,
27 Julai 2025

Phanice,

Nilikudanganya. Sikuifuta.

Niliiweka kwenye kompyuta, ndani ya folda tunayoiita "Mpya", kwa sababu ndiyo ninayofungua kila siku na nilitaka iwe karibu. Sikufikiri zaidi ya hapo. Kiptum akiwa peke yake dukani hachagui, humnakilia kila mteja "Mpya" yote kama ilivyo. Ndivyo tunavyofanya kazi, na mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha, ili asiniulizeulize. Nilikwenda Kapenguria siku mbili kwenye harusi ya binamu yetu Jepkemboi. Niliporudi kadi thelathini na kitu zilikuwa zimeshatoka na sauti yako. Ya Gicheru ikiwemo.

Sikukuambia kwa sababu nilitumaini itapotea. Kadi hupotea kila siku, watu hufuta vitu ili waweke nyimbo.

Haijapotea. Nyaruai anayeuza mboga mbele yetu amewasikilizisha wanawake wa chama chake. Sasa wanapanga mboga wakikugombania, wengine wanasema uondoke, wengine wanasema subira. Wasichana wawili waliomaliza shule kama sisi wamekuja kuuliza kama kuna sehemu ya pili. Mmoja wao anamlelea dada yake mtoto. Alisimama pale kaunta akichezea waya wa chaja hadi nikamuuliza kama anataka kuununua. Sikuandikii haya ili unisamehe. Nakuandikia kwa sababu walikuwa wanakutafuta wewe na nikawajibu kwamba sikujui.

Nimeitoa kwenye kompyuta zote mbili, Kiptum akiangalia. Zilizo mikononi mwa watu siwezi kuzirudisha.

Kadi iliyo ndani ya bahasha si yako, ni ya kukhu. Kuna "Mzinga" sehemu kumi mpya. Ukiona huitaki, mpe Gicheru airudishe.

Jelimo


Matisi,
14 Agosti 2025

Phanice,

Gicheru anasema alikupa bahasha mkononi, ukaipokea, hukumwambia kitu. Basi sawa.

Zimebaki siku ishirini na tano. Najua huhitaji mtu wa kukuhesabia.

Jelimo


Kabuchai,
26 Agosti 2025

Jelimo,

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Baadaye hasira iliisha, nikakosa la kusema. Sasa ninalo.

Jumamosi baba alienda kunyolewa. Haya nimesimuliwa na mama, naye alisimuliwa na mke wa Mukhisa, kwa hiyo ondoa chumvi utakavyoona. Mukhisa alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa. Siku hizi akiwa na mteja humwekea "ile ya yule msichana", anaisifu kama unavyosifu wewe, tena naye amejifunza kuanzia katikati. Baba akaisikiliza ile hesabu yote. Hakunijua, Jelimo. Alitikisa kichwa hadi Mukhisa akamwomba atulie asije akamkata, akauliza huyo msichana baba yake ni mtu wa namna gani.

Kisha kukhu akaamka kwenye spika, akauliza naongea na nani.

Baba alisimama na shuka la kinyozi shingoni. Akachukua koti lake, akajifunika kichwa, akatoka akiwa ameinamisha uso, vilevile kama ambavyo angetoka kama kukhu angeingia mlangoni kwa miguu yake. Benchi nzima ikacheka. Halafu mmoja akaacha, na wengine wakaacha, kwa sababu kila mmoja wao ana mama mkwe na kila mmoja alijua mtu hutoka mbio hivyo kwa ajili ya nani. Kufikia jioni soko lote lilikuwa linajua ile sauti ni ya mama mkwe wa nani, na yule msichana ni binti wa nani.

Baba alivuka soko akiwa amenyolewa nusu kichwa. Tangu siku hiyo anavaa kofia, hata mezani, hata wakati wa sala. Mama alitaka kummalizia kwa mkasi, akakataa.

Jana aliniita kando ya zizi. Hakunipigia kelele, afadhali angenipigia. Alisema ameambiwa kwamba mwanzoni kuna mambo yake. Alimwomba Mukhisa aondoe sehemu ya mama mkwe wake ili asikilize iliyobaki, Mukhisa akamwambia hajui kukata. Na yeye hawezi kukaa akasikiliza kitu ambacho mama mkwe yumo ndani yake.

"Kwa hiyo utasema wewe," akaniambia. "Yote uliyowaambia watu, uniambie mimi."

Nilitazama kamba ya ng'ombe. Nilifungua mdomo. Jelimo, hakukutoka kitu. Baba alingoja, hilo nitalisema, alingoja muda wa mtu kukamua ng'ombe mzima. Mwishoni alisema ataniuliza tena Jumapili tukitoka kanisani, akarudi kwa njia yake ya nyuma ya zizi.

Kukhu alisikia, mlango ulikuwa wazi. Nilipoingia alijifanya anatafuta tasbihi ambayo hana, sisi si Wakatoliki.

Niambie nifanye nini. Nikinyamaza Jumapili, nimekwisha. Wewe kazi yako ni kusikiliza watu wanaojua kuongea.

Phanice


Matisi,
28 Agosti 2025

Phanice,

Nimeacha wateja watano kwenye foleni, Gicheru amesimama hapa akiniharakisha, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Hakuna hata mmoja kati ya wale wazuri anayeanza kwa kuomba msamaha. Wale dada wa "Kiti cha Nyuma" wakiomba msamaha huwa ni mzaha. Mzee wa nyuki huanza na kitu alichoshika mkononi. Husema, leo nimeshika nta, basi unajua uko wapi.

Wewe anza na barua. Sema iko wapi. Taja tarehe. Sema jambo moja unalolitaka, halafu unyamaze. Kunyamaza unajua kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, kwa hiyo hapo utamshinda.

Usiitazame ile kofia.

Jelimo


Kabuchai,
Ijumaa, 5 Septemba 2025

Jelimo,

Nilisema.

Baba aliketi kwenye kigoda kando ya ghala, akaniambia niketi, nikaona nikiketi sitaweza. Nikabaki nimesimama. Nikasema, "Nilisema barua ya chuo iko ndani ya Biblia yako. Nilisema tarehe ni nane Septemba. Nilisema hakuna aliyeniuliza kama nataka kwenda."

"Unataka?"

"Nataka."

Kisha nikanyamaza kama ulivyonifundisha. Baba aliivua ile kofia, akajipapasa pale ambapo wembe uliishia, akaishika magotini kama mtu aliye kanisani.

"Na nani atampa maji? Mimi?"

Nilidhani ananikaripia. Halafu nikaona ananiuliza kweli, kwamba kama ningekuwa na jibu angelipokea.

"Nikivuka ule mlango mara moja, hata yeye hatanisamehe," akasema. "Tangu Februari naketi hapa. Namsikia akiita maji na wewe uko mtoni. Unafikiri sisikii? Nasimama, nakaa. Nasimama, nakaa."

Sikuwa nimefikiria hilo hata siku moja. Katika zile dakika kumi na moja zote, baba yangu alikuwa mtu aliyeficha barua tu.

Hukumu yake ilikuwa hii. Akipatikana mtu wa kukaa na kukhu kabla ya Jumatatu, niende, na atanisindikiza mwenyewe. Asipopatikana, nibaki, tujaribu tena mwakani. Mama alitafuta siku tatu. Msichana mmoja wa kanisani alikubali, akaja akaona kazi ilivyo, akakumbuka kwamba ana mafunzo ya kushona. Mwingine mama yake alikataa.

Jumatano asubuhi kukhu akamwita mama. Akasema amezungumza na Emmy, binti wa mjomba, anayekaa Kimilili bila shughuli. Emmy amekubali kuhamia Malakisi amtunze. Kwa hiyo wampeleke kwake Jumamosi, Emmy atafika jioni hiyohiyo akitoka sokoni. Akasema amechoka kuwa mama mkwe kwenye boma ambalo mwanamume anazunguka zizi lake mwenyewe kama mwizi. Akasema pia angependa kulala chini ya paa aliloezekewa na mumewe. Mama akalia kidogo, akakubali. Baba akatuma shukrani kupitia kwa mama, na jioni nikaikuta barua ya chuo mezani, imenyooshwa, juu yake kuna kalamu mpya.

Ndiyo, naenda. Sasa nisikilize.

Kukhu haoni namba za simu. Ni mimi ninayempigia watu, halafu namshikia sikioni, kwa sababu mkono wake mzuri huwa umeshika blanketi. Wiki hii nimempigia mtu mmoja tu, mjomba wa Mombasa, siku ya Jumapili. Nilifungua orodha ya simu zilizopigwa nikaiangalia yote. Nikaangalia na zilizoingia. Hakuna. Namba ya Emmy haimo kabisa kwenye simu ile.

Jana nikimwogesha nilimuuliza Emmy atafika saa ngapi hasa. Akaniambia jioni, si nimeshasema. Akanitazama. Nikaendelea kumsugua mgongo. Akaniuliza kama huko chuoni wanavaa sare nyeupe au za buluu, nikamwambia sijui, nadhani nyeupe, akasema nyeupe inachafuka haraka, nichukue sabuni ya mche na si ya unga.

Mama hajaomba namba ya Emmy. Mama, ambaye huomba namba ya kila mtu, hata ya mwenye kuuza kuku. Sijui maana yake na sitaki kujua.

Kesho watampeleka. Mama atamwandalia kitanda, atamwachia uji kwenye chupa, kisha itabidi arudi kukamua. Kukhu atabaki na mkono mmoja na mguu mmoja ndani ya nyumba iliyokaa miezi saba bila kufunguliwa. Jirani wa karibu yuko ng'ambo ya shamba la tumbaku. Ana miaka sabini na tisa, na anayafanya haya kwa ajili yangu. Ninaruhusu. Sanduku nimeshalifunga. Nimelifungua mara mbili kana kwamba kuna kitu nimesahau, nikalifunga tena.

Nimeamua hivi. Jumatatu nitaripoti. Wakishaandika jina langu kwenye kitabu chao na kunipa kitanda, Jumanne asubuhi nitampigia mama nimwambie Emmy hakuja wala hakuwahi kuombwa. Atamfuata kukhu siku hiyohiyo, na hataweza tena kunirudisha. Ni siku tatu tu. Naandika "tu" kama wewe.

Kama ungekuwa hapa ungeniambia nimwambie mama sasa. Najua. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu.

Nakuomba kadi moja, ya kukhu. Ile aliyo nayo ameshaijua yote, anamjibu mzee wa nyuki kabla hajauliza. Usiweke nyimbo wala mahubiri, akisikia kwaya hulala na sitaki alale mchana kutwa. Weka watu wanaoongea taratibu, wanaoulizana maswali na kungoja kujibiwa. Kama kuna wa kilimo, weka. Kama kuna mwanamke mzee yeyote mwenye kipindi chake mahali popote, mtafute huyo kwanza. Gicheru ana soko Malakisi Jumatatu, mwambie amkabidhi yeye mwenyewe na amwekee kwenye redio, hawezi kuifungua kwa mkono mmoja.

Na habari ya Emmy usimwambie mtu. Usimwambie Kiptum, usimwambie Nyaruai, na huyo Gicheru akikuuliza kwa nini kadi inakwenda Malakisi, mwambie bibi amehama. Barua hii usiiweke mahali penye vitu vingine. Iweke mfukoni, uibebe mwenyewe, mpaka Jumanne. Kukhu hajui kwamba najua, au anajua na ananifichia, na mimi nitaondoka hapa nikiwa nimebeba hilo. Nisaidie kulibeba siku tatu. Usimwambie mtu, Jelimo. Nakuomba.

Phanice